Maji Yaliingia Nyumba Zote Mbili

Mwaka 2017 nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao hapa Houston, Texas, na wiki yangu ilikuwa imegawanyika mara mbili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilikuwa kwa mjane mmoja, Mmarekani Mweusi wa miaka 78, mkazi wa Kashmere Gardens, kaskazini mashariki mwa jiji. Nilimwita Mama, naye akaniita mwanangu. Jumanne na Alhamisi nilivuka jiji zima kwenda magharibi, kwa mzee mmoja wa Kizungu, mhandisi mstaafu, mwenye nyumba kubwa karibu na Buffalo Bayou. Bayou ndilo jina watu wa huku wanalovipa vijito vya maji mazito yaendayo polepole, vinavyokatiza jiji lote. Ukikaa Houston unayajua majina ya bayou kama unavyoyajua majina ya barabara, maana mvua ikinyesha hizo ndizo zinazoamua nani alale na nani akeshe.

Sitaficha nilivyokuwa nafikiri siku zile, kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu tuliotoka Afrika tukaja huku tukiwa watu wazima, tulikuja na maneno tayari mdomoni kuhusu Wamarekani Weusi. Kwamba wamezaliwa penye fursa wakazichezea. Kwamba mitaa yao iko vile kwa sababu hawajali. Nilipoanza kwenda Kashmere Gardens niliona mtaro wa wazi mbele ya kila nyumba, nyasi zimeota ndani, maji yamesimama hadi yamekuwa ya kijani, tairi kuukuu limezama nusu. Nikajiuliza: hawa watu wanashindwaje kutoka Jumamosi moja wakasafisha? Kwa mzee hakukuwa na mtaro hata mmoja, nikadhani ni usafi wa wenyeji.

Ilinichukua miezi kuelewa kwamba upande ule mitaro ipo, ila imezikwa. Ni mabomba makubwa ya zege chini ya lami, yanayopokea maji kwenye vijidirisha pembeni mwa barabara na kuyapeleka zake bila mwenye nyumba kujua. Yalizikwa mtaa ulipokuwa ukijengwa. Kashmere Gardens hakuna aliyekuja kuyazika. Mtaro wa wazi ndio mfumo wote wa maji ya mvua walionao, na kuuchimbua kwa mashine ni kazi ya jiji, si ya bibi mwenye fagio.

Kimbunga Harvey kilipiga pwani ya Texas usiku wa tarehe 25 Agosti, siku ya Ijumaa. Tulijiandaa kwa upepo. Kilichotujia ni mvua, kwa sababu kimbunga kilifika nchi kavu kikasimama, hakiendi wala hakirudi, siku baada ya siku. Ziko sehemu za jiji zilizopata zaidi ya milimita 1,000. Wanasayansi waliopima baadaye walisema bahari iliyopashwa joto na hewa iliyobeba mvuke mwingi kuliko zamani viliizidisha mvua ile. Nami nilikuwa ghorofa ya pili na wanangu, kusini magharibi mwa jiji, nikiangalia magari ya majirani yakizama hadi madirishani.

Mama alipokea simu mara ya mwisho Jumapili asubuhi. Alikuwa amekaa juu ya meza ya jikoni, miguu ameikunja, mkoba wake kifuani. Aliniambia friji imelala chali na inaelea chumba kizima. Hakupiga kelele wala kulia. Alinisimulia friji kama mtu anayesimulia mgeni asiye na adabu. Kisha simu ikazima. Vijana wa mtaa wake ndio waliomtoa, kwa boti ya kuvulia samaki, pamoja na jirani zake wawili. Hakuna gari la serikali lililokuwa limefika.

Kwa mzee maji yalikuja kwa njia nyingine. Mvua ilikuwa karibu inaisha wakati wenye mamlaka walipofungulia mabwawa ya Addicks na Barker, tarehe 28, yasije yakafurika yenyewe. Maji yakashuka Buffalo Bayou yakaingia majumba ya watu waliokuwa wamekwisha kushukuru Mungu kwamba wamepona. Mwanawe alikuwa ameshamhamishia hotelini.

Nimeziona nyumba zote mbili kwa macho yangu wiki ya kwanza ya Septemba. Kwa mzee, alama ya maji ukutani ilinifika kiunoni. Kwa Mama ilinifika juu kidogo ya goti. Naomba uikumbuke hiyo tofauti: nyumba ya mzee ndiyo iliyozama zaidi.

Kwa mzee, mafundi walishaingia nilipofika. Walikuwa wamevua jipsamu yote ya ukutani, nguzo za mbao zimebaki wazi, na mafeni makubwa yananguruma mchana na usiku kukausha kabla ya kuvu kuota. Alikuwa na bima ya mafuriko, ile ya mpango wa serikali kuu inayolipa hadi dola 250,000 kwa jengo la familia moja. Mwanawe alijua wa kumpigia na maneno ya kusema. Pasaka ya 2018 mzee alikuwa amerudi kwake, jiko jipya, sakafu mpya, kuta zinanukia rangi. Sisemi haya kumlaumu. Alikuwa mtu mwema kwangu, na usiku ule alipoteza picha zote za marehemu mkewe. Huzuni yake niliiona.

Kwa Mama tulivua kuta sisi wenyewe: mimi, binti yake, watu wa kanisa lake na wanafunzi wa chuo waliojitolea. Siku ya pili ya kazi hiyo ndipo nilipolikuta daftari.

Lilikuwa kwenye droo ya chini ya kabati, limevimba kama mkate uliolowa. Nikataka kulitupa kwenye lundo nje. Mama, ambaye godoro lake na kochi lake na Biblia ya mama mkwe wake tulivipitisha mbele yake vikaenda kwenye lundo lile asitamke neno, aliinuka kwenye kiti akasema, "Hilo hapana." Nikalipeleka kwenye gari langu, nikalifungua ukurasa mmoja mmoja chini ya kioo cha mbele, jua likawa linakausha. Wino ulikuwa wa kalamu ya kawaida na sehemu kubwa ilisomeka.

Ukurasa wa kwanza uliandikwa Juni 2001, baada ya dhoruba ya Allison, ambayo nayo iliingia nyumbani kwake. Tarehe. Saa. Jina la aliyepokea simu. Alichoahidi. "Amesema watakuja wiki ijayo kuchimbua mtaro." "Amesema hana ombi langu kwenye kompyuta, nianze upya." "Amesema mtaa wetu haumo kwenye bajeti ya mwaka huu." Mwandiko ni uleule, mnyoofu, wa mtu aliyefundishwa kuandika na mwalimu mkali. Miaka 16 ya simu. Mara chache kuna mstari unaosema wamekuja, wamechimba upande mmoja wa barabara, wameondoka. Katikati ya simu za mtaro kuna majina ya watu, nami sikuelewa hadi nilipomuuliza. Yalikuwa majina ya majirani waliokufa kwa saratani. Si mbali na pale kuna karakana ya reli ambako kwa miongo mingi mbao za kulalia reli zilikuwa zikitiwa kreosoti, dawa nyeusi yenye sumu, zisioze, na kreosoti hiyo imezama ardhini hadi chini ya nyumba za watu. Mwaka 2019 idara ya afya ya jimbo ilitangaza kwamba aina kadhaa za saratani eneo lile zimezidi kiwango kilichotarajiwa. Mama alikuwa ameshaandika.

Nilikaa kwenye gari lile nikaona aibu kubwa. Mimi niliyesema hawajali.

Mmoja wa wale wanafunzi alikuwa anasoma Texas Southern, chuo cha Weusi kilichopo hapahapa Houston. Aliliona daftari likikauka akaniambia kwamba mambo haya yalianza kuhesabiwa katika mji huuhuu. Mwaka 1979 kampuni moja ilipata kibali cha kujenga dampo Northwood Manor, mtaa mwingine wa kaskazini mashariki, wa watu Weusi wenye kazi zao na nyumba zao walizonunua. Wakili Linda McKeever Bullard aliwapelekea shauri mahakamani, akamwomba mumewe, Robert Bullard, mwanasosholojia kijana aliyekuwa akifundisha chuo hichohicho, amtafutie ushahidi. Profesa na wanafunzi wake wakazunguka jiji na kupekua makabrasha ya zamani. Wakakuta madampo yote 5 ya jiji yaliwekwa mitaa ya Weusi. Matanuru ya kuchomea taka, 6 kati ya 8. Madampo ya kampuni binafsi, 3 kati ya 4. Na Weusi walikuwa robo tu ya wakazi. Shauri walishindwa, na dampo likajengwa. Lakini hesabu ile ilibaki. Miaka michache baadaye, kule Warren County, North Carolina, mwaka 1982, zaidi ya watu 500 walikamatwa wakizuia malori yaliyobeba udongo wa sumu kwenda kuzikwa katika kaunti ya Weusi maskini, na kutoka mapambano yale mchungaji Benjamin Chavis akalipa jambo lenyewe jina: ubaguzi wa rangi wa kimazingira. Kanisa lake likafanya utafiti wa nchi nzima, uliotoka mwaka 1987, ukaonyesha kwamba rangi ya wakazi inatabiri mahali pa dampo la sumu kuliko hata kipato chao.

Neno hilo la mwisho lilinigusa kwa namna yake. Kuliko hata kipato chao. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya umaskini. Nilikuwa nasema, maskini popote huumia kwanza, ndivyo dunia ilivyo. Northwood Manor hawakuwa maskini.

Sasa nieleze lililompata Mama kwenye karatasi, kwa sababu hapo ndipo niliposhuhudia kwa karibu jinsi ubaguzi unavyofanya kazi pasipo mtu yeyote kumtukana mwenzake.

Bima alikuwa nayo zamani. Mumewe alipofariki, pensheni ikapungua, akaiacha. Kwa hiyo tegemeo lilikuwa msaada wa serikali. Nilikaa naye kwenye ngazi ya mlango wa mbele tukajaza fomu kwa simu yangu, kidole changu, majibu yake. Mkaguzi akaja, kijana mpole, akakaa kama dakika 20. Nyumba za mtaa ule zimeinuliwa juu ya vinguzo vifupi, na uharibifu mkubwa uko chini ya sakafu, kwenye boriti. Hakuinama kutazama chini. Barua ikaja: ombi limekataliwa, mwombaji hakuthibitisha kwamba nyumba ni yake.

Nyumba alikuwa ameishi tangu 1966. Kodi ya ardhi alilipa kila mwaka, risiti zipo. Lakini hati ilikuwa na jina la mama mkwe wake, aliyekufa bila wosia, na baada yake mume naye akafa bila wosia, kwa hiyo kisheria ile nyumba ilikuwa ya warithi kadhaa waliotawanyika majimbo manne. Nikamuuliza, kwa nini hamkubadili hati? Aliniangalia muda mrefu. Akaniambia wakati wa mama mkwe wake, mtu Mweusi aliyeingia ofisi ya mahakama na karatasi ya ardhi hakuwa na hakika ya kutoka nayo. Kaa na ardhi yako, lipa kodi, nyamaza: hayo ndiyo waliyofunzwa na wazazi wao, na kwa wakati ule ilikuwa busara. Familia nyingi za Weusi kusini mwa Marekani zinamiliki nyumba hivyo. Sharti la hati lilikuwa moja kwa wote, halikutaja rangi ya mtu, na likamkuta Mama palepale alipoachwa na mahakama za zamani.

Tulikata rufaa mara mbili. Barua ya binti yake, barua ya mchungaji, risiti za kodi. Majira ya baridi yakaingia. Alikuwa analala chumba cha nyuma ambako hatukuweza kuvua kuta zote, na kila Jumatatu nilipofika nilikuta kuvu nyeusi imepanda tena pembeni mwa dirisha, madoadoa kama pilipili manga iliyomwagika. Nilikuwa naifuta kwa maji ya klorini huku nimefunga kitambaa usoni. Jumatano imerudi. Kikohozi chake kilianza Novemba na hakikuisha tena. Kisha kesho yake naendesha gari kwenda magharibi, nafika kwa mzee, nanusa rangi mpya. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu ya kila wiki, na ndani ya gari lile nilifikiri kuliko nilivyowahi kufikiri maishani.

Mwaka 2021 serikali kuu ililegeza sharti la hati. Sasa waathirika wanaweza kuleta ushahidi wa aina nyingi zaidi kwamba nyumba ni yao. Nilifurahi kwa watakaofuata. Mama alikuwa ameshaondoka.

Kuna wanasosholojia wawili, Junia Howell na James Elliott, huyu wa pili akiwa wa chuo cha Rice hapahapa Houston, waliofuatilia mali za familia za Marekani kati ya 1999 na 2013. Katika kaunti zilizopata hasara ya dola bilioni 10 kwa majanga, Wazungu kwa wastani utajiri wao uliongezeka kwa karibu dola 126,000. Weusi walipoteza karibu dola 27,000. Watu wakisikia hivyo huwa hawaamini kwamba janga linaweza kumtajirisha mtu. Mimi niliamini mara moja, kwa sababu nilikuwa nimelifuta vumbi jiko jipya la mzee. Bima, mkopo wa riba nafuu, barabara iliyotengenezwa upya, bei ya nyumba iliyopanda: vyote vinamfuata aliyekuwa na kitu, na kadiri kile kitu kilivyo na bei ndivyo fidia inavyokuwa kubwa. Hata hesabu za kujenga kinga ya mafuriko zilikuwa zinafanywa hivyo. Wanapima thamani ya nyumba zitakazookolewa, wanagawa kwa gharama ya mradi. Nyumba za Kashmere Gardens ni za bei ya chini, kama zilivyo za mitaa mingi ya Weusi tangu wakadiriaji wa miaka ya 1930 walipoipaka mitaa hiyo rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo, maana yake kukopesha huko ni hatari. Ukiiuliza hesabu hiyo imlinde nani, jibu limeshaandikwa kabla mvua haijanyesha.

Kaunti yetu ilijaribu kubadili. Tarehe 25 Agosti 2018, mwaka mmoja kamili baada ya Harvey, tulipiga kura kukubali mkopo wa dola bilioni 2.5 wa miradi ya mafuriko, na baadaye maofisa wakaweka utaratibu wa kuanza na maeneo yenye watu walio dhaifu zaidi. Niliona matumaini. Kisha Mei 2021 jimbo likagawa dola bilioni 1 ya mwanzo ya fedha za kujikinga, na jiji la Houston, hili lililozama, halikupata hata senti moja. Machi 2022 wizara ya nyumba ya serikali kuu ikasema utaratibu uliotumika ulibagua kwa rangi na asili. Na amri ya rais ya mwaka 1994 iliyozitaka idara zote za serikali kuu kutazama haki ya mazingira ya maskini na walio wachache ilifutwa Januari 2025. Ninaandika haya kwa hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mama alihamia kwa binti yake, mji mwingine, mwanzoni mwa 2019. Mapafu hayakumruhusu kubaki. Siku ya kuondoka barua zilikuwa zimejaa sandukuni, zile za matajiri wa kununua nyumba kwa pesa taslimu, "katika hali yoyote iliyo nayo". Alinipa daftari. Kurasa zake ni ngumu, zimejikunja, zinapiga kelele unapozifungua. Aliniambia kuna nafasi bado mwishoni, na kwamba namba ya jiji ya malalamiko ni rahisi, tarakimu tatu tu, 311. Alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda kumzika.

Kutunza wazee bado ndiyo kazi yangu. Kila Mei, kabla msimu wa vimbunga haujafunguliwa Juni mosi, nakaa baada ya ibada na wanawake wa kanisani kwetu, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo tunaoelewana kwa Kiswahili, na wengine ni akina mama Weusi wa hapa. Tunatoa karatasi kwenye mifuko ya nailoni. Jina la nani liko kwenye hati? Baba amekufa, mmekwenda mahakamani? Bima inaisha lini? Kazi hii inachosha na mara nyingi inaishia na mtu kulia. Kimbunga Beryl kilipokuja Julai 2024 na zaidi ya nyumba na biashara milioni mbili zikakosa umeme, wawili kati yao walituma maombi siku ya tatu, karatasi zote zikiwa tayari.

Na huwa napita Kashmere Gardens. Nyumba ya Mama imebomolewa, kiwanja kimeota majani, lakini jirani yake wa mkono wa kulia bado yupo, bibi wa miaka 80 na zaidi, na mtaro wake unatoka kwenye mtaro uleule. Wiki iliyopita ulikuwa umejaa hadi ukingoni na hapakuwa na mvua kwa siku sita. Nikasimamisha gari, nikapiga simu. Alinipokea mwanamke, sauti yake imechoka, akaniambia ombi limepokelewa. Nilimuuliza jina lake, akanitajia. Nikalitoa daftari, nikaandika: tarehe, saa, jina, na alichoahidi.